Mkono wa kukoki uliochomelewa ukigoma: pa kuangalia kwanza

Mkono wa kukoki ukikatika, mwenye bunduki huja nao kiganjani na lawama moja tu: weldi mbovu. Naupokea, naugeuza kwenye mwanga, na mara nyingi naikuta weldi ipo palepale, nzima, imeng'ang'ania. Kilichoachia ni chuma cha milimita 1 au 2 kando yake. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mchomeleaji, jifunze kusoma mahali palipovunjika. Hapo pana habari nyingi kuliko maelezo ya yeyote aliyekuwepo siku hiyo.

Tukubaliane majina kwanza. Bolti ninayoisema si ya nati. Ni kile kipande kizito kinachokwenda mbele na nyuma na kuifunga chemba, yaani tundu linalokaa risasi inayopigwa. Mkono wa kukoki ni ule unaochomoza ubavuni, unaouvuta ili bolti irudi nyuma. Mkono huo una sehemu mbili. Kuna shina, linaloingia ndani ya bolti na kushikwa humo, kwa kawaida na kijipini chenye springi kinachokaa kwenye pengo dogo la shina. Kuna na kishikio, kinachobaki nje kwa ajili ya vidole. Watu huongeza kishikio kikubwa kwa sababu za maana: cha kiwandani ni kidogo, glavu zinateleza, vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kukivuta. Shotigani nyingi zinazojipakia zenyewe, Remington 1100 na Mossberg 930 zikiwamo, zinakuruhusu kuuchomoa mkono wote ukabaki nao mezani. Hiyo ni bahati kubwa, na karibu kila kosa nitakalolitaja limetokana na mtu kutoitumia, au kuitumia nusunusu.

Kabla ya uchunguzi wowote: chemba tupu, magazini tupu, risasi zote ziko chumba kingine. Angalia kwa jicho, kisha pitisha kidole. Na kama sheria ya unapoishi inataka kazi hii ifanywe na fundi bunduki mwenye leseni, mpelekee yeye. Haya yatakusaidia kumuuliza maswali ya maana.

Jambo moja zaidi la matayarisho. Chomelea mkono wa akiba, usiuguse wa asili. Mkono wa asili ndio kipimo chako. Bunduki ikianza vituko, urudishe uone. Vituko vikiisha, mkono mpya una hatia. Vikiendelea, achana na weldi, utafute uchafu, springi iliyochoka au risasi zisizofaa. Jaribio hili huchukua dakika 1, na sijui kwa nini watu huliacha hadi mwisho.

Umekatika kando ya weldi

Chukua kioo cha kukuzia, utazame uso wa mvunjiko kabla hujausugua wala kuupaka mafuta.

Ukiona punjepunje zinazometameta kama chumvi ya mawe, chuma kilikuwa kikavu, yaani chepesi kuvunjika. Mashina mengi ni ya chuma kinachoweza kukazwa kwa moto, cha namna ya 4140, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.4. Chuma hicho kikipashwa hadi kuyeyuka kisha kikapoa upesi, ukanda mwembamba kando ya weldi hugeuka mgumu na mwepesi kuvunjika kama kioo; wanametalujia huuita martensaiti. Na kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa zito hupoa upesi kweli, maana jiliwa lenyewe hufyonza joto kana kwamba umekitumbukiza majini. Mtu akikigusa kwa tupa hakikwaruziki, anafurahi kwamba kimekuwa imara. Ugumu huo ndio ugonjwa wenyewe. Bolti hugonga mwisho wa safari yake kila risasi inapotoka, na kitu kigumu kisichonyumbuka hakivumilii kugongwa.

Ukiona nusu ya uso ni nyeusi au ina kutu na nusu nyingine ni safi, ufa ulikuwepo zamani. Siku ya mwisho umemalizia tu. Mara nyingi chanzo ni hidrojeni iliyoingia kutoka kwenye unyevu, mafuta au kutu, ikajificha ndani ya chuma kilichokakamaa. Ufa wa namna hii una hila: huweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi, hata siku 2. Unalala umeridhika, unaamka na mkono uliopasuka bila mtu kuugusa.

Ukiona rangi ya dhahabu au bluu ndani ya ufa, chuma kilipasuka kingali cha moto, hewa ikapata nafasi ya kukipaka rangi. Hapo shaka yangu huenda kwenye aina ya chuma, nami nitaifikia chini kidogo.

Ukiona mistari iliyopindana kama alama za maji yanayokupwa ufukweni, huo ni uchovu wa chuma. Ufa ulianzia mahali pamoja ukasogea kidogo kidogo kila risasi. Ifuate mistari kinyumenyume utafika pale ulipoanzia, na kwa kawaida utakuta kijifereji kilichochimbwa na moto ukingoni mwa weldi, au alama ya grainda iliyopita kukatisha shina. Tupa laini na msasa vingelizuia hilo.

Na ukiona uso wa kijivu, uliochanika, na shina limepinda kabla ya kukatika, basi chuma hakikuwa na kosa. Kimezidiwa. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya risasi nzito na nyepesi, ndipo ninapoeleza uzito na urefu.

Kwa ule mvunjiko wa punjepunje, dawa ya vitabuni ni rahisi kuitaja: pasha 4140 hadi kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi kabla ya kuchomelea, kisha uache ipoe polepole ndani ya majivu makavu au chokaa kavu. Tatizo ni kwamba mwisho mwingine wa shina hilohilo kuna pengo la kijipini, na pengo hilo linategemea ugumu liliopewa kiwandani. Ukilipasha shina zima ili weldi ifurahi, unalegeza pengo. Ukilipoza shina zima ili pengo libaki gumu, unaikausha weldi. Kazi yote ya mkono wa kukoki iko hapa, na wengi huchagua upande mmoja bila kujua kwamba wamechagua.

Mimi hufanya hivi. Weldi naiweka mbali na pengo kadiri umbo linavyoruhusu, nje kabisa ya sehemu inayoingia kwenye bolti. Mwisho wenye pengo naubana katikati ya vipande viwili vya shaba nyekundu, upande wa weldi nauacha wazi bila kubanwa na chochote kizito. Napasha upande wa kishikio peke yake, na nachomelea kwa vituo vifupi. Waya wa kujazia nachagua ulio laini na mvumilivu, kama ER309 au ER312 wa chuma kisichoshika kutu, ambao hustahimili kuunganisha vyuma visivyofanana. Kwa mwenye elektrodi za kawaida, E7018 iliyokaushwa ni bora mara nyingi kuliko elektrodi iliyokaa wazi sakafuni. Mwisho kabisa naipasha tena weldi polepole hadi rangi ya bluu itokee kwenye chuma kilichosafishwa kando yake, yaani karibu nyuzi 300, huku jicho langu likiwa kwenye pengo. Rangi ya majani makavu ikianza kukaribia pengo, joto limefika nyuzi 220 hivi huko, nami naondoa moto.

Kitambaa chenye maji? Najua wengi hukifunga kwenye shina. Kinazuia joto, ndiyo, lakini kinapoza kwa pupa na kinaleta mvuke kando ya weldi. Shaba kavu ni bora.

Kishikio kimebanduka kizima

Uso wa chini ni laini, unaonyesha hata mikwaruzo ya tupa uliyopiga kabla ya kazi. Basi weldi haikuwahi kushika. Ililala juu tu. Moto ulikuwa mdogo, au ulielekezwa kwenye kishikio kikubwa na shina likabaki baridi, au kinyume chake. Piga kingo zote mbili mlalo wa nyuzi 45 ili moto ufike katikati, anza na moto kwenye kipande kinene, uyeyushe pande zote mbili ndipo uongeze waya. Afadhali zaidi: toboa kishikio, shina lipite ndani yake, kisha uchomelee kwa nje. Hapo weldi inazuia tu kuzunguka na kutoka, na nguvu zinabebwa na chuma ndani ya chuma. Hilo tundu dogo limeokoa mikono mingi kuliko mashine yoyote ya bei.

Weldi ina vitundu

Kama unatumia TIG, yaani uchomeleaji wa sindano ya tangsteni chini ya gesi, anza na gesi. Agoni ya lita 6 hadi 9 kwa dakika inatosha kazi ndogo kama hii. Ukiongeza sana, gesi inachafuka na kuvuta hewa. Feni au upepo wa mlangoni nao huifukuza. Tangsteni iliyogusa chuma inole upya, usiidanganye.

Gesi ikiwa safi, angalia ngozi ya mkono wa kukoki, yaani upako wake. Fosfeti, nikeli, zinki, kromu: vyote vinachafua weldi, na vitatu vya mwisho vinakuchafua na wewe. Moshi wa zinki huleta homa ya mafundi jioni ya siku hiyo, na moshi wa kromu ni sumu ya muda mrefu. Saga rangi yote na ngozi yote hadi chuma cheupe, milimita 15 kila upande.

Sasa onyo ambalo nisingependa mtu alipite haraka. Usisafishe mkono kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukawasha moto juu yake. Klorini hiyo ikikutana na joto na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijini, gesi iliyotumika kuua watu katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata tone lililobaki ndani ya tundu la kishikio ni hatari. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa, na chupa yake iwe mbali na cheche.

Baada ya hayo yote bado vitundu vipo, au weldi inapasuka katikati ya mstari ingali nyekundu? Muulize aliyekuchongea kishikio alitumia chuma gani. Mafundi wa mashine ya kukereza wanapenda vyuma vinavyokatika kirahisi, kama 12L14 chenye madini ya risasi na salfa ndani yake, au 416 kati ya vyuma visivyoshika kutu. Vinang'aa, vinatoka vizuri kwenye mashine, na havichomeleki. Salfa hukaa kwenye mipaka ya punje za chuma na kuzifungua weldi inapoanza kuganda. Hakuna ufundi wa mkono utakaoshinda hilo. Chonga kingine kwa chuma laini cha kawaida.

Mkono unachomoka wenyewe bunduki inapopigwa

Huu ndio ugonjwa unaonitia wasiwasi zaidi, maana mkono unaoruka ubavuni una njia yake na uso wa mtu unaweza kuwa njiani. Na katika bunduki nyingi mkono huo ndio pia unaoishikilia bolti pamoja na kitelezi chake, kwa hiyo usipige hata risasi moja zaidi bila mkono.

Chomoa shina, pitisha tupa nzee kwa wepesi kwenye ukingo wa pengo, kisha ufanye hivyohivyo kwenye mkono wa asili. Kwenye chuma kilichokazwa tupa huteleza na kulia. Kwenye kilicholegezwa inashika na kula. Kingo za pengo zikiwa zimeviringika au zimebonyea, joto lako lilifika huko. Rangi ya bluu iliyobaki kwenye shina itakuonyesha hadi wapi.

Usijaze pengo kwa weldi na kulichonga upya. Umelijaza kwa chuma kingine, na umelipasha mara ya pili. Shina hilo limekwisha, chukua jingine. Ila kabla hujalitupa, hakikisha kijipini na springi yake ndani ya bolti havijaziba kwa vumbi la grainda. Niliwahi kulaani shina siku nzima, kumbe kijipini kilikuwa kimekwama na chembe 1 ya chuma.

Bolti haifiki mbele, au inakwaruza njiani

Weldi inapopoa hujikunyata na kuvuta shina upande wake. Upindo usioonekana kwa jicho unatosha kuibana bolti. Laza shina kwenye kioo bapa, tazama mwanga ukipita chini. Kingine cha kawaida ni weldi iliyoteremka hadi kwenye bega la shina, ikawa inagusa ukingo wa upenyo wa mwili wa bunduki. Paka wino wa maka kwenye shina na kuzunguka weldi, koki mara 10 kwa mkono, chomoa. Pale wino ulipoondoka ndipo panapogusa. Ondoa chuma kwenye mkono, kamwe si kwenye upenyo wa bunduki. Mwili wa shotigani nyingi za sasa ni alumini, na alumini ikishaliwa hairudi.

Kuhusu shina lililopinda: linyooshwe kabla ya kupashwa kwa mwisho, si baada. Likihitaji nyundo nzito, anza upya.

Inafanya kazi na risasi nzito, inakwama na nyepesi

Hapa weldi inaweza kuwa nzuri kabisa na mkono bado ukawa mbaya. Weka mikono miwili ya kukoki kwenye mizani ya jikoni, wa asili na uliouchomelea. Tofauti inawashangaza wengi.

Katika bunduki inayojipakia kwa gesi ya baruti, risasi hutoa msukumo wake kwa pistoni, na msukumo huo hauongezeki kwa sababu wewe umeongeza chuma. Mzigo ukizidi, bolti inakwenda polepole, inaishiwa nguvu kabla ya kumaliza safari, na ganda tupu linanaswa kwenye mlango wa kutokea maganda. Katika bunduki kama Benelli M2 mambo ni tofauti: bunduki inaporuka nyuma, bolti hubaki kwa ukaidi wa uzito wake na kuibana springi nzito iliyo ndani yake. Uzito wa bolti na nguvu ya springi vimepimwa vikaendana, na kishikio kizito kinaingilia mapatano hayo. Usijaribu kutibu hilo kwa kubadilisha springi. Punguza kishikio.

Urefu ni adui wa pili. Kishikio kikiwa na urefu mara 2 na uzito mara 2, nguvu inayotaka kukunja shina bolti inaposimama ghafla inakuwa mara 4. Ndipo zile nyuso za kijivu zilizochanika zinapotokea. Ukitaka kishikio kinene, kitoboe katikati. Uzito wa ncha ndio ghali kuliko wote. Kishikio kirefu pia huipindua bolti kidogo kinapovutwa kutoka nchani, na baada ya muda utaona mng'ao upande mmoja wa reli zake. Usisahau kwamba mkono huu huenda na kurudi kila risasi: kinachochomoza sana hupiga kidole gumba au kukamata mkono wa koti.

Kishikio cha urefu wa upana wa vidole viwili kinatosha mtu yeyote. Nimeona cha urefu wa kalamu. Mwenyewe alijivunia sana, hadi alipokoki karibu na fremu ya mlango.

Ulichomelea moja kwa moja kwenye bolti

Simama hapo, usipige. Bolti ndiyo inayozuia mlipuko usirudi usoni, na sehemu zake zinazofunga zina ugumu uliopimwa. Mkondo wa umeme uliopita ndani yake unaweza pia kuwa umeacha vidoa vya moto kwenye reli, ndoano ya kuvuta ganda na springi zake. Huwezi kuhakikisha kwa tupa kwamba imebaki salama. Badilisha bolti, na fundi bunduki apime chemba ikifungwa na bolti mpya.

Shotigani ya Saiga-12, ambayo ni ndugu wa bunduki ya AK, ina mkono uliotokana na kibebeo cha bolti, hauchomoki. Hapo kishawishi ni kikubwa. Tafuta kishikio cha kufunga kwa skrubu juu ya ule uliopo. Kinafanya kazi ileile, na kikikataa unakifungua.

Kabla ya kurudisha risasi chumbani

Subiri siku 2 tangu ulipochomelea, kwa sababu ya zile nyufa zinazochelewa. Kisha paka mafuta ya taa kuzunguka weldi, yaache dakika 15, futa hadi pakauke, upake unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Hakuna mstari, rudisha mkono kwenye bunduki, tumia risasi bandia, koki na kuachia mara 50. Chomoa, angalia pengo, rudia chaki.

Ndipo uende uwanjani na miwani. Weka risasi 1 tu kwenye bunduki, piga, toa mkono uutazame. Kisha 2. Kisha magazini nzima, ukianza na risasi nyepesi, kwa kuwa ndizo zitakazokuambia kama kishikio bado ni kizito. Shina likionyesha mng'ao mpya mahali ambapo wino haukuwahi kuondoka nyumbani, limeanza kupinda. Lirudishe mezani kabla ya kupiga risasi nyingine.